Duka la Mji Mkongwe na Upana wa Boriti

Ukipita leo Hurumzi au Mkunazini, Unguja, utaona maduka mengi yenye milango ya vioo. Ukiinua macho ghorofani, aghalabu roshani ni ile ile ya zamani. Chini ndiko kulikobadilika, na badiliko hilo linaweza kuliangusha jengo zima. Kwa nini? Hatuna budi tujue kwanza duka hilo lilijengwaje.

Nyumba ya Mwarabu mjini kwa kawaida haikuwa na duka. Ilijifunga kwa nje: kuta nene, madirisha machache chini, mlango mmoja mkubwa wa nakshi, na baraza ya mawe mbele yake. Mgeni aliishia barazani au dakani, na mambo ya karafuu na pembe yakazungumzwa hapo juu ya kahawa. Kule Oman duka lilikuwa sukuni, Matrah au Nizwa, na nyumba ilikuwa mahali pengine.

Walioeneza duka chini ya nyumba ni wafanyabiashara wa Kihindi wa Kachi na Gujarati, waliozidi kuja baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja. Wao walitaka mbele ya nyumba iwe wazi. Lakini upana hawakuuchagua wao. Uliamuliwa na mti. Dari za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haifai kuvuka nafasi inayozidi sana mita 3. Basi aliyetaka nafasi zaidi alirefusha nyumba kwenda nyuma: duka mbele, bohari nyuma yake, familia juu. Mara nyingi mlango wa ngazi uliwekwa pembeni, wanawake wasipite katikati ya wateja. Duka pana lilikuwa kwa hakika vyumba viwili au vitatu vilivyopangana, kila kimoja na uwazi wake.

Uwazi huo ulifungwa kwa mbao za kukunja. Asubuhi zikikunjwa kulia na kushoto, ukuta wote wa mbele unatoweka. Sakafu iko juu kuliko njia, kwa hivyo muuzaji aliyekaa kitako na mteja aliyesimama nje walitazamana uso kwa uso. Mteja hakuwa na haja ya kuingia. Kwa maoni yangu ndiyo maana vyumba vyembamba vile havikuonekana vidogo: nusu ya duka ilikuwa njiani.

Sasa tuje kwenye hatari. Ukuta baina ya chumba na chumba ndio uliobeba boriti za juu. Ukibomolewa ili upatikane ukumbi mmoja mpana, boriti hazina pa kukaa. Ubaya wa pili ni saruji. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Huvuta unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, chokaa ikalegea, na ncha za boriti zikaoza zilipoingia ukutani, pasipo mtu kuziona.

Baada ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na wapangaji wakagawana vyumba. Paa likawa la wote, matengenezo si ya yeyote. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo milango ya nakshi imepata watetezi wengi kuliko mbao za duka, ambazo hazina nakshi wala mnunuzi wa kale.

Mwenye picha ya wazee wake mbele ya duka, awe Maskati, London au Toronto, aitazame upya nyuma ya watu. Ahesabu mbao za mlango, aangalie sakafu ilivyoinuka, na kama baraza ilikatika penye uwazi au iliendelea. Fundi anayetaka kulirudisha duka huhitaji habari hizo, na pale penyewe mara nyingi hazipo tena.