Kidonda kimepona, maumivu yamebaki: Profesa aliyethibitisha kuwa mgonjwa hasingizii

Na Mwandishi Wetu

Katika familia nyingi yupo mtu mmoja anayelalamika maumivu mpaka watu wamemchoka. Huenda ni bibi aliyepasuliwa goti, mshono ukafunga vizuri, lakini hadi leo shuka likimgusa anashtuka. Huenda ni kijana aliyeungua mkono kwa maji ya moto, ngozi ikarudi, ila upepo wa feni tu unamtoa machozi. Akipelekwa hospitali anapigwa picha na picha haionyeshi kitu. Akirudi nyumbani wapo wanaosema anajidekeza, wapo wanaosema ana jini, na wapo wanaomwambia avumilie kwa sababu maumivu ni kafara ya madhambi.

Hilo la mwisho lina asili katika dini. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Muislamu hapati taabu, hata ya kuchomwa na mwiba, ila Allah (s.w) humfutia kwayo baadhi ya makosa yake. Lakini hadithi hiyo inamliwaza mgonjwa. Haimpi ruhusa ndugu yake kukaa na dawa mfukoni. Nabii Ayyub (a.s), ambaye tunampigia mfano wa subira, alimlilia Mola wake amuondolee dhara, kama tunavyosoma katika Suratul Anbiyaa aya ya 83. Na mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w) kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu.

Swali linalobaki ni la kitabibu: inawezekanaje kidonda kipone na maumivu yabaki? Aliyetumia umri wake kulijibu ni Profesa Clifford Woolf, mtaalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu, mzaliwa wa Afrika Kusini mwaka 1952. Alisomea udaktari na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Ameeleza kuwa akiwa mwanafunzi aliingia wodi ya upasuaji, akakuta wagonjwa wanaugulia na hakuna anayeshughulika. Alipouliza, mkubwa wake alishangaa swali lenyewe. Watu wamepasuliwa, kwa nini wasiumwe? Kijana yule hakuridhika na jibu hilo.

Mwaka 1979 alikwenda London kufanya kazi na Patrick Wall katika chuo cha University College London. Wall alikuwa tayari na jina kubwa. Mwaka 1965, yeye na Ronald Melzack walitoa nadharia ya "lango", kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kama mlango unaoweza kuzuia au kuachia habari za maumivu zisifike kwenye ubongo. Mama anayemsugua mtoto aliyejigonga kichwa anautumia mlango huo bila kujua. Mishipa ya mguso inapeleka habari nyingi na ile ya maumivu inabanwa.

Woolf alikuwa akipima kwa panya seli za fahamu zinazoamuru mguu ujikunje unapoumizwa. Asubuhi seli hizo zilikuwa na adabu. Hazikushtuka mpaka vidole vya mguu vibanwe au vichomwe sana. Lakini jioni, baada ya panya huyohuyo kupimwa mara nyingi, seli zilezile zilishtuka kwa mguso mwepesi tu, tena hata akiguswa mbali na vidole. Mtafiti mwingine angesema chombo kimeharibika. Yeye alijiuliza kama vipimo vyake vya mchana kutwa ndivyo vilivyozibadilisha.

Akaweka jeraha dogo la moto kwenye mguu, na baadaye akapiga ganzi mahali pa jeraha. Kama ukali wote ungekuwa unatoka kwenye kidonda, ganzi ingeumaliza. Haikuumaliza. Habari za kidonda zilikwisha zibadilisha seli za uti wa mgongo, na seli hizo ziliendelea kupiga kelele hata kidonda kiliponyamazishwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1983, na hali hiyo wataalamu wakaizoea kwa maana ya "uhamasikaji wa kati", yaani mfumo wa kati wa fahamu kuhamasika kupita kiasi.

Mfano wa kueleweka ni redio. Sauti ikiwa juu mno, mtangazaji anayenong'ona utamsikia anafoka. Mtangazaji hana kosa, tatizo ni kitufe cha sauti. Kwa hiyo bibi wa goti anaposema shuka linamuuma, anasema kweli. Kinachomuuma ni mfumo wa fahamu uliobaki na sauti juu. Hali hii leo inahesabiwa miongoni mwa sababu za maumivu katika baadhi ya wenye kipandauso, wenye baridi yabisi ya magoti na wenye tumbo linalosokota miaka na miaka bila kidonda kuonekana.

Mwaka 1997 Woolf alihamia Marekani, katika hospitali ya Massachusetts General na Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 2010 akaongoza kituo cha utafiti wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya watoto ya Boston. Huko aliingia zaidi katika mchochota, ile hali ya mahali kuvimba, kuwa pekundu, kuwa na moto na kuuma.

Kabla yake, mwaka 1971, Muingereza John Vane alikuwa ameonyesha kuwa aspirini hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huwasha maumivu na homa. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Watu wengi walidhani yote hayo yanatendeka pale palipovimba. Mwaka 2001 kikundi cha Woolf kilionyesha kuwa mguu wa panya ukivimba, kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini huongezeka pia ndani ya uti wa mgongo na ubongo, na sehemu ya amri hiyo husafiri kwa damu, si kwa mshipa wa fahamu wa mguu huo peke yake. Ndiyo sababu mwenye jipu pajani huumwa mwili mzima, hana hamu ya kula na halali.

Msomaji atakumbuka hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir (r.a) inayowafananisha Waumini na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiugua mwili wote huitikia kwa homa na kukesha. Hadithi ile imekuja kutufundisha kuhurumiana, na si vizuri kuigeuza kuwa kitabu cha maabara. Hata hivyo mfano wake unazidi kupendeza mtu anapojua jinsi mwili unavyoitikia.

Jipu lenyewe lina habari yake. Mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye stafilokokasi. Mwaka 2013 Isaac Chiu, akiwa katika maabara ya Woolf, alionyesha katika panya kuwa bakteria huyo huzichokoza neva za maumivu yeye mwenyewe, kwa sumu na vipande vya protini anavyotoa. Kabla ya hapo ilidhaniwa maumivu huletwa na askari wa mwili wanaokuja kupigana naye. Ajabu zaidi, neva hizo zikichokozwa huwapunguza nguvu askari hao.

Bakteria huyu hukaa puani mwa karibu mtu mmoja kati ya watatu bila kumdhuru, na huhamia kwenye ngozi kwa vidole. Msomaji atafikiria haraka kupandisha maji puani katika wudhu. Ni usafi mzuri, na tunaufanya kwa kuwa ni Sunna, lakini tusidai kuwa maabara imethibitisha kuwa wudhu unazuia majipu, kwani utafiti huu haukupima hilo. Kilicho wazi ni hiki: jipu lisikamuliwe kwa kucha, taulo na wembe visichangiwe, na mwenye jipu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto mchanga.

Pilipili nayo imo katika safari hii. Mwaka 2007 Woolf na wenzake Bruce Bean na Alexander Binshtok walichukua dawa ya jamii ya ganzi ambayo kwa kawaida haiwezi kupenya kwenye neva, wakaichanganya na kapsaisini, kitu kinachoipa pilipili ukali wake. Kapsaisini hufungua mlango ulio kwenye neva za maumivu, na ganzi ikaingia humo tu. Panya hawakusikia maumivu, lakini waliweza kutembea na kuhisi mguso. Mlango huo ulitambuliwa na David Julius wa California mwaka 1997, naye alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Hata hivyo, asije mtu akajipaka pilipili ya jikoni kwenye jeraha! Inaunguza ngozi kabla ya kumsaidia.

Sasa turudi kwenye kabati la dawa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia prostaglandini mwili mzima, na prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo maana mtu anayezimeza kila siku bila ushauri hupata vidonda vya tumbo. Wapo wanaokimbilia sindano wakidhani inaliepuka tumbo. Haiepuki, kwa sababu dawa hufika kwa damu. Katika Ramadhani zisimezwe wakati wa daku tumbo likiwa tupu, na mwenye ugonjwa wa figo aonane na daktari kabla ya kuchanganya dawa hizi na kiu ya mchana kutwa. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, naye asione haya kuitumia. Mjamzito aliyevuka wiki 20 asizitumie bila daktari, na mtoto asipewe aspirini. Homa ya dengi inapoingia mjini, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, zote tatu ziwekwe kando kwa kuwa zinaongeza hatari ya kutoka damu. Tumia parasetamoli, na mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku.

La mwisho ni tohara. Ugunduzi wa 1983 uliwafanya madaktari wafikirie kuwazuia wagonjwa wasiumie tangu kabla ya kisu, ili uti wa mgongo usihamasike. Katika upasuaji wa watu wazima faida ya kutanguliza dawa haikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa. Kwa watoto, hata hivyo, utafiti wa Anna Taddio na wenzake huko Toronto, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1997, ulifuatilia wavulana waliochanjwa wakiwa na miezi 4 hadi 6. Waliotahiriwa bila ganzi walionyesha maumivu makali zaidi wakati wa sindano kuliko wasiotahiriwa, na waliopakwa ganzi walikuwa katikati. Mwili wa mtoto ulikuwa umeweka kumbukumbu.

Basi mzazi unapompeleka mwanao kutahiriwa, muulize mhudumu mambo matatu kabla hajashika kifaa: atatumia ganzi gani, atasubiri dakika ngapi ikolee, na mtoto atapewa nini usiku huo. Akikujibu kuwa mtoto hasikii maumivu, mchukue mwanao utafute mwingine.