Taa Ndani ya Nyumba: Sakafu Kwanza, Samaki Baadaye

Anayetaka kufuga taa nyumbani aanze kwa kupima sebule yake, kabla hata hajauliza bei ya samaki. Samaki wengi wa tangini hupanda na kushuka, hujificha kati ya mawe, hutumia kimo chote cha maji. Taa maisha yake yako chini. Mwili wake ni bapa, mifupa yake ni gegedu, kibofu cha hewa cha kumwezesha kuelea hana. Akiacha kupiga mapezi anatua mchangani. Tangi lililokwenda juu, hata liwe na lita 1,000, kwake ni kichumba cha kujibanza.

Mnunuzi huvutwa kwanza na taa mwenye madoa ya buluu, anayeitwa kitaalamu Taeniura lymma. Huyu ni wa kwetu: yuko Bahari ya Shamu, yuko pwani ya Afrika Mashariki, na anafika hadi Visiwa vya Solomon. Maji yakijaa hupanda kwenye mchanga wa maji madogo kutafuta minyoo, kamba na kaa. Yakitoka hurudi kwenye mapango ya matumbawe. Uzuri wake ndio unaomponza. Akishavuliwa, mara nyingi hususia chakula, akadhoofika hadi kufa hata mikononi mwa wafugaji wazoefu. Simshauri mtu amnunue. Anayevumilia zaidi ni taa wa manjano wa Florida na Karibi, Urobatis jamaicensis, ambaye upana wa mwili wake hufika sentimita 36 hivi, na ambaye akitunzwa vizuri huzaa tangini. Ndugu yake wa pwani ya California, Urobatis halleri, amezoea maji ya baridi. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam itabidi mashine ya kupoza maji ifanye kazi usiku na mchana.

Kwa taa mmoja wa manjano napendekeza tangi la urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2. Kimo cha sentimita 60 kinatosha. Watu hukumbuka urefu wakasahau upana, kumbe upana ndio unaomruhusu kugeuka. Akibanwa hujisugua kwenye vioo, pua inachubuka, na kidonda kinaingia bakteria. Maji ya tangi hilo pekee yana uzito wa zaidi ya tani 1.7, kwa hiyo anayeishi ghorofani amwite mhandisi kwanza.

Chini tandaza mchanga laini, si changarawe wala vipande vya matumbawe, maana vitamchubua tumbo. Mtazame anavyojifukia: anatikisa kingo za mwili, mchanga unaruka na kumwangukia mgongoni, mpaka yanabaki macho na matundu mawili nyuma yake. Kwa matundu hayo huvuta maji na kuyapeleka kwenye matamvua, kwa kuwa mdomo wake uko chini, mchangani. Taa asiyejifukia kabisa, au aliyekunja kingo za mwili kuelekea juu, ana shida, na jambo la kwanza kupima ni maji.

Taa hula nyama na kuchafua maji upesi. Bakteria wa kwenye kichujio, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kukomaa, pengine zaidi, na kabla ya hapo taa asiingie. Amonia na nitriti zisomeke sifuri. Joto liwe nyuzi 24 hadi 26, na kipimo cha chumvi 1.023 hadi 1.026. Nitrati ikirundikana na iodini ikipungua, taa hupata rovu. Dawa za samaki zenye shaba ni sumu kwake, hivyo tangi kuukuu ambalo hujui lilitiwa nini ni afadhali kuliacha. Hita iwekwe kwenye tangi dogo la kuchujia, kwani taa huilalia akaungua. Na pampu iwe na betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika hewa ya majini huisha haraka. Kikande na bunju usimchanganye nao. Watamng'ata macho na kingo.

Ukienda kununua, mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Asipokula, mwache. Kisha angalia pale mkia unapoanzia: mifupa ikiwa imetokeza pande mbili, ameshinda njaa siku nyingi na kumrudisha ni kazi kubwa. Nyumbani mpe kamba, ngisi na kome kila siku, ukiongeza vitamini, kwa maana chakula kilichogandishwa hupungukiwa.

Mwiba wa mkiani una meno ya msumeno na sumu, na kuukata hakusaidii kwa kuwa huota tena. Mlishe kwa koleo refu la plastiki, na ukisafisha tangi jua alipo kabla hujatia mkono. Akikuchoma mkono au mguu, tumbukiza jeraha kwenye maji ya moto unayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiyapima kwanza kwa mkono mzima. Baada ya hapo nenda hospitali, kwani vipande vya mwiba huweza kubaki ndani na kinga ya pepopunda huhitajika. Mwiba ukiwa umeingia kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe. Mgonjwa akimbizwe hospitali na mwiba wake.