Mtoto Hayumo Kwenye Karatasi

Karatasi ya bima ya gari haina maneno mengi. Ina jina la mwenye gari, namba ya gari, aina yake, namba ya chesisi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na muhuri. Polisi wa barabarani wa Butembo akisimamisha gari, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye ile tarehe ya mwisho. Ikiwa bado, unapita. Hakuna anayesoma mengine.

Siku moja nilimsikia baba mmoja akiisoma yote, mstari kwa mstari, kwa sauti. Alikuwa ofisini kwa mama mmoja, wakala wa bima, na mwanawe wa miaka kumi na saba alikaa kando yake, mikono magotini. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa: kuuliza habari za kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka, ambayo malori ya wafanyabiashara wetu hubeba yanapovuka mpaka Kasindi kuelekea Mpondwe, Kampala hadi Mombasa. Baba akaingia, akasalimia, akasema haja yake.

"Mama, nataka asiransi ya huyu mtoto. Anaanza kujifunza gari. Unitafutie ya bei nzuri."

Mama wakala akatabasamu. "Papa, asiransi haimfuati mtoto. Inafuata gari."

Ndipo baba akaomba kuona karatasi, akaisoma mpaka chini. Alipomaliza akauliza swali ambalo limekaa nami tangu siku hiyo: kama mtoto hayumo humu, basi yumo wapi?

Mama akafungua mtoto wa meza, akatoa kijitabu cha kurasa kadhaa chenye herufi ndogo, kwa Kifaransa kizito cha wanasheria. Ni masharti ya mkataba. Huko ndiko dereva aliko. Mkataba wa bima ya gari kwa kawaida unataka anayeshika usukani awe amefikia umri wa sheria, na awe na leseni halali ya gari la aina ile. Karatasi ya kwenye kioo haiulizi nani anaendesha. Kijitabu cha mezani kinauliza, na kinauliza baada ya ajali, wakati mtu mwingine ameshalala hospitalini.

Kwa miaka niliyoandika habari za jimbo hili nimeona karatasi za kila aina zikishikwa na raia wasioelezwa maana yake. Hii inaniuma kuliko nyingi, kwa sababu familia imetoa pesa yake, imepewa muhuri, na inaamini imefunikwa.

Mambo ya msingi msomaji anayajua. Bima ya kuwalipa watu wengine unaowadhuru kwa gari ni lazima nchini kwetu Kongo tangu sheria ya Januari 1973. SONAS, kampuni ya serikali iliyozaliwa mwaka 1966, iliuza bima peke yake kwa karibu nusu karne, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungua soko. Mdhibiti, ARCA, akafuata, na kampuni za binafsi zikaanza kupewa ruhusa mwaka 2019. Kwa hiyo siku hizi mzazi anaweza kuuliza bei kwa zaidi ya mlango mmoja. Wengi bado hawaulizi. Wananunua pale walipozoea, au kwa yule anayewafuata sokoni.

Mama wakala alieleza, na baba akamsikiliza kwa makini, kwamba bei ya bima hii ya lazima inatokana zaidi na gari lenyewe: nguvu ya injini yake, na kazi linayofanya. Gari dogo la nyumbani lina bei yake, taksi ina yake, lori lina yake. Kwingine umri wa dereva huhesabiwa: Nairobi, dereva kijana akigonga, mara nyingi mwenye gari hubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara kutoka mfukoni mwake. Uingereza, bima ya kijana inaweza kuzidi bei ya gari analoendesha, hata kampuni hufunga kifaa ndani ya gari kupima anavyokata kona na kushika breki. Baba akafurahi kusikia kwamba kwake hakuna nyongeza ya namna hiyo. Mama akamkata furaha palepale: usifurahi, papa, hawajakuongezea bei kwa sababu hawajamhesabu mtoto wako hata kidogo.

Yeye ana njia yake ya kuwashauri wazazi, na haianzi na bima. Inaanza na umri. Miaka kumi na minane ndiyo ya leseni ya gari. Kabla ya hapo, anasema, hakuna karatasi ya kununua itakayomgeuza mtoto kuwa dereva mbele ya sheria. Mwaka unaobaki utumike kuweka pesa. Wanawake wa Butembo wana vikundi vya kuweka na kukopa, AVEC, karibu kila kata, na yeye mwenyewe yumo katika kimoja. Familia inayoweka kidogo kila juma inaweza kulipa bima ya mwaka mzima kwa mara moja. Njia ya kununua ya miezi michache, kisha kusahau, kisha kuendesha bila kitu, ndiyo anayoiona ghali kuliko zote.

Kisha shule ya udereva. Hapa mama hakutaka kabisa kubembelezwa. Baba alikuwa na mpango wa kumfundisha mwanawe mwenyewe, Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule, kwa gari la nyumbani. Watu wengi hufanya hivyo. Mama akamwambia akaulize kwanza shule ya udereva swali moja: gari lenu limekatiwa bima ya kufundishia? Kama ndiyo, waonyeshe. Pesa anayolipa kwa kila saa ya somo inanunua mwalimu, breki ya pili chini ya mguu wa mwalimu, na bima ambayo inajua kwamba anayeshika usukani bado hajui. Hakuna njia nafuu kuliko hiyo ya kumfunika mwanafunzi, alisema, hata kama inaonekana ghali ukilinganisha na mafuta ya gari lako na uwanja wa bure.

Na baada ya leseni, baba aandike barua fupi kwa kampuni yake: kuanzia tarehe fulani, mwanangu huyu naye ataendesha gari hili. Aombe jibu lenye muhuri. Mama anadai karatasi hiyo ya nyongeza ndiyo inayosahauliwa na watu wote.

Lakini sehemu aliyoieleza kwa muda mrefu zaidi, hata akasimama na kuweka viti viwili sambamba ili tuone, ni ya usukani. Magari mengi ya Butembo na Beni yameingia kwa njia ya Mombasa na Uganda, yametengenezwa kwa nchi ambako watu huendesha kushoto. Usukani wa magari hayo uko kulia. Sisi huendesha kulia. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hukaa upande wa mtaro. Anaona vizuri miguu ya mama anayepita na mzigo wa mihogo, anaona ukingo ulioliwa na mvua, ila lori linalokuja mbele halioni mpaka atoe pua ya gari nje. Anayeliona ni aliyekaa kushoto, kwenye kiti cha abiria. Nyumbani, kwenye kiti hicho hukaa baba, hana breki, hana usukani, ana sauti tu. Mama alimweka mvulana kwenye kiti cha kulia na baba kwenye cha kushoto, akasimama mbele yao kama lori. "Mwambie sasa," akamwambia baba. Baba akasema "ngoja," na mama alikuwa ameshafika magotini mwa kijana.

Hakuna aliyecheka sana.

Mama mwenyewe alijifunza udereva Beni, kwenye barabara zilizonyooka, kisha akahamia Butembo kwenye vilima, na mara ya kwanza kuondoka mlimani gari likarudi nyuma kuelekea pikipiki tatu. Ndiyo maana anasema mtoto aliyefundishwa Beni afundishwe tena kidogo akifika huku: breki ya mkono, klachi, subira. Mambo haya hayamo kwenye mkataba wowote. Barabara nayo inabadilika. Mradi wa Uganda na Kongo uliozinduliwa Juni 2021 ulilenga kuweka lami kilomita 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Penye udongo gari hujizuia lenyewe. Penye lami kijana ndiye wa kujizuia.

Nilimwuliza habari ya vita, kwa sababu hapa huwezi kuzungumzia barabara ukaacha vita. Septemba 2021 msafara wa magari ulishambuliwa na kuchomwa kwenye barabara ya Beni–Komanda, na haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Bima hii ya lazima hulipa madhara unayomfanyia mwingine. Gari lako likichomwa, haihusiki, na mikataba ya bima kwa kawaida huweka vita kando. Mama aliyasema hayo bila kuinua sauti. Wateja wake hulipa bima isiyogusa hatari kubwa kabisa ya barabara.

Halafu kuna vijana ambao hawatafika kamwe kwenye ofisi yake. Vita imewatoa mashambani Eringeti, Oicha, Mbau, imewaleta mjini, na kazi ya kwanza inayopatikana ni moto, yaani pikipiki, ya mtu mwingine. Wapo wa miaka kumi na sita. Wanajifunza asubuhi na kubeba abiria jioni. Mwenye moto anataka pesa yake ya siku. Kama kuna bima, iko kwa jina lake. Ajali ikitokea, waendesha moto wenzao, motari, huchanga, familia mbili hukaa uani mwa hospitali, wanapatana: nani analipa dawa, nani analeta chakula, lini deni litakwisha. Nimeshuhudia mapatano ya namna hiyo yakifanywa kwa heshima kubwa. Nimeshuhudia pia mama aliyevunjika mguu akiachwa na ahadi, kwa sababu aliyemgonga hakuwa na kitu cha kutoa, na alikuwa mtoto.

Mama wakala angependa vyama vya motari viende kwa kampuni kama kundi, vidai bima ya pamoja kwa bei ya kundi, na vimtaje kila anayeendesha kwa jina. Anaamini inawezekana. Mpaka sasa anayoletewa mezani ni namba za moto, bila majina ya watu.

Yule baba aliondoka bila kununua chochote siku ile, na anwani ya shule ya udereva mfukoni. Kabla ya kutoka aliuliza neno moja zaidi, na nadhani yafaa kila mzazi wa Butembo na Beni aliulize kabla ya kutia sahihi, apewe jibu kwa maandishi: mtoto asiye na leseni akimgonga mtu kwa gari lenye bima, kampuni itamlipa kwanza majeruhi kisha inidai mimi, au itamwambia majeruhi anifuate nyumbani?