Jicho likihama, chunguza pua

Jicho likianza kutoka mahali pake bila kuuma, mgonjwa wa Kindu, jimboni Maniema nchini Kongo, hununua matone kwanza. Simlaumu. Maniema ni nchi ya usubi, yaani upofu wa mtoni. Watu wamezoea kumeza ivermectin kila mwaka na kuamini kwamba maradhi ya macho yanatoka mtoni. Lakini usubi hulishambulia jicho lenyewe, hauwezi kulisukuma. Kinacholisukuma kiko nyuma au kando yake, na pengine ni sainasi, yaani mapango ya hewa yaliyomo kwenye mifupa ya paji, ya mashavu, katikati ya macho na nyuma ya pua.

Ugonjwa ninaousema ni wa nadra, unaitwa mukoseli, na si saratani. Utando wa ndani ya sainasi hutoa ute usiku na mchana, nao ute hutoka kwa mlango mwembamba unaofunguka puani. Mlango ukizibwa na uvimbe wa muda mrefu, na nyama za puani au na mfupa uliovunjika, ute unaendelea kutoka wala hauna pa kwenda. Mfuko hujaa polepole, miaka na miaka, na mgandamizo wake hula mfupa. Ukuta unaotenganisha sainasi na tundu la jicho ni mwembamba tangu kuzaliwa, kwa hiyo mfuko hutokeza huko. Sainasi ya paji ndiyo inayoathirika zaidi kuliko nyingine zote.

Ajali za pikipiki zinahusika hapa. Mtu alianguka, akapasuka paji, akashonwa, akapona na kusahau. Jicho linaweza kuanza kushuka miaka 10 baadaye, au zaidi, na mwenyewe asihusishe mambo hayo mawili. Daktari asipouliza, hataambiwa.

Jicho lilikoelekea huonyesha mfuko uliko. Mfuko wa paji hulishusha chini na kulisogeza nje. Ule wa katikati ya macho hulisukuma pembeni. Ule wa shavuni hulipandisha. Wa nyuma kabisa, karibu na mshipa wa fahamu wa kuonea, huenda usilisogeze hata kidogo, ila nuru inapungua. Huo hausubiri: mshipa ukibanwa muda mrefu, upasuaji hata uwe mzuri namna gani hauwezi kurudisha nuru iliyokwisha kupotea.

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme. Mkalishe mgonjwa, simama nyuma yake, ainue kidevu, kisha utazame kutoka juu ya paji lake ni jicho lipi limetangulia. Tofauti ikizidi milimita 2, ichukulie kwa uzito. Pitisha kidole chini ya nyusi, upande wa pua: pakiwa na kivimbe kinachobonyea, wakati mwingine mfupa juu yake hulia kama ganda la yai. Kisha pima uwezo wa kuona kwa kila jicho peke yake, na umuulize kama rangi nyekundu imefifia upande mmoja. Mwambie pia alete picha ya zamani. Kadi ya mpiga kura ya 2023 inafaa kabisa, kama maandishi na sura havijafutika, maana kadi hizo zina tabia hiyo.

Kasi nayo ni ushahidi. Mukoseli huchukua miaka. Mtoto ambaye jicho au taya limevimba ndani ya wiki chache apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa huenda ni limfoma, aina ya saratani, ambayo daktari Denis Burkitt aliielezea nchini Uganda mwaka 1958, na dawa zake zipo. Jicho jekundu lenye homa na kope zilizovimba ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Picha ya eksirei huweza kuonyesha sainasi ya paji iliyopanuka, lakini anayepasua anahitaji skana, aone mfupa ulioliwa na umbali uliobaki hadi kwenye ubongo. Hapo mgonjwa wa Kindu hukwama. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, kwenda mashariki kutafuta vipimo kumekuwa kugumu zaidi. Inabaki ndege ya Kinshasa, au reli ya kusini kuelekea Lubumbashi kwa mwenye subira nyingi.

Antibayotiki hutuliza mfuko uliopata usaha, haziuondoi. Kuunyonya kwa sindano ni kuahirisha tu, utajaa tena. Zamani tulichana karibu na nyusi. Tangu daktari David Kennedy na wenzake walipochapisha matokeo yao mwaka 1989, wengi tunapitia puani kwa kamera nyembamba na kuufungulia mfuko dirisha pana, bila kubandua utando wake. Ute hupata njia, na jicho hurudi polepole kwa wiki au miezi. Mgonjwa huangaliwa kwa miaka kadhaa, kwani dirisha huweza kuziba.

Upo pia ugonjwa wa kinyume, ulioitwa mwaka 1994 sainasi kimya. Mlango wa sainasi ya shavu huziba, hewa ya ndani hufyonzwa, kuta huvutwa ndani na sakafu ya jicho hushuka nazo. Jicho linazama badala ya kutokeza, na ndugu hudhani lile zima ndilo limevimba. Huo nao hutibiwa kwa kufungua mlango puani. Sakafu ikibaki chini, hujengwa upya baadaye.

Anayemwandikia mgonjwa barua ya rufaa aeleze ni jicho lipi, limeelekea wapi, linaona kiasi gani leo, na kama paji liliwahi kuvunjika, mwaka gani.