Vifo vya Barabarani Vina Anwani

Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na Sveta Milusheva wa Benki ya Dunia walichapisha ramani ya ajali za jiji la Nairobi, ya kwanza ya aina yake. Hawakuichora kutoka kwenye majalada ya polisi. Walikusanya jumbe 874,588 za Twitter ambazo kwazo wasafiri walikuwa wakipashana habari za foleni na ajali, kisha wakaifunza programu ya kompyuta kutambua ni ujumbe gani unataja ajali na ajali yenyewe imetokea wapi. Katika lundo hilo walipata ajali 22,872 za kati ya mwaka 2012 na 2020, na nusu yake zilitokea katika sehemu ambazo hazifiki hata asilimia moja ya mtandao wa barabara za jiji. Ajali zikijikusanya kiasi hicho, kazi ya kwanza si kuwahubiria madereva wote kila mahali. Ni kuzijua sehemu hizo chache na kuzitengeneza.

Kwa nini basi ramani ya namna hiyo isitoke polisi, ambako ajali huripotiwa? Kwa sababu jalada la polisi lina kazi nyingine: kuamua nani mwenye kosa, kesi isimame mahakamani na bima ilipe. Kwa kazi hiyo inatosha kuandika kwamba gari lilimgonga mtu karibu na soko na kwamba chanzo ni uzembe wa dereva. Mhandisi hawezi kutengeneza chochote kwa maelezo hayo. Yeye anahitaji kujua ni mita ngapi kutoka makutano, saa ngapi, palikuwa na taa au giza, na aliyegongwa alikuwa akivuka kwenda wapi. Zaidi ya hayo, majeruhi akifariki hospitalini wiki mbili baadaye, kifo chake huenda kisirudi kamwe kwenye daftari la kituo. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965 na Tanzania 3,256. Shirika la Afya Duniani lilikadiria zaidi ya 13,000 kwa Kenya na zaidi ya 16,000 kwa Tanzania.

Wapo watakaosema kwamba kama takwimu zina mapengo makubwa hivyo, ramani itatupotosha, na kwamba mitandao ya kijamii inasikiliza zaidi wenye simu na barabara kuu kuliko vichochoro vya mitaa ya kipato cha chini. Pingamizi hili lina uzito. Lakini huko Nairobi waendesha pikipiki wa kampuni ya usafirishaji walitumwa papo hapo kukagua sehemu ya ajali zilizotajwa, na taarifa zilionekana sahihi kwa asilimia 92. Pengo la chanzo kimoja huzibwa kwa chanzo kingine: polisi, hospitali, magari ya wagonjwa na wananchi wenyewe. Kungoja takwimu kamilifu nako ni uamuzi, na gharama yake hulipwa kwa maisha ya watu.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi: penye magari mengi lazima pawe na ajali nyingi, na sehemu iliyokuwa na mwaka mbaya inaweza kutulia yenyewe mwaka unaofuata bila kuguswa. Ni kweli. Ndiyo maana mchambuzi makini hatoi hukumu kwa mwaka mmoja. Hutazama miaka kadhaa, hulinganisha ajali na idadi ya magari na watembea kwa miguu, na akishatengeneza sehemu moja huipima sambamba na nyingine inayofanana nayo ambayo haijaguswa.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba wanaoua ni madereva, si barabara. Madereva hukosea, na sheria iwashughulikie. Lakini ikiwa maelfu ya madereva tofauti wanakosea mahali palepale mwaka baada ya mwaka, mahali hapo panachangia kosa. Huko Suhum, kwenye barabara kuu ya Accra hadi Kumasi nchini Ghana, kuwekwa kwa matuta madogo ya kutikisa gari kulipunguza ajali kwa takribani asilimia 35 na vifo kwa takribani asilimia 55. Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko na alama kuzunguka shule ambako watoto walikuwa hatarini. Shule hizo zilipolinganishwa na nyingine, majeruhi miongoni mwa watoto walikuwa wamepungua kwa hadi asilimia 26. Watoto hao hawakungoja tabia ya kila dereva wa jiji ibadilike.

Kwa hiyo serikali zetu zinapaswa kudaiwa mambo yanayopimika. Kila ajali iandikwe na mahali pake halisi kwa GPS ya simu, jambo ambalo askari anaweza kulifanya kwa dakika moja. Kumbukumbu za polisi na za hospitali ziunganishwe, ili anayefariki ndani ya siku 30 ahesabiwe. Kila mwaka orodha ya sehemu hatari zaidi itangazwe hadharani, pamoja na bajeti ya kuzirekebisha na matokeo ya zile zilizokwisha kurekebishwa. Orodha hiyo ikishakuwa mikononi mwa wananchi, kiongozi anayeiacha sehemu iendelee kuua hataweza tena kusema hakujua.