Mitelezo ya maji ya watoto: Mambo ambayo mbunifu ameyaacha mikononi mwa mzazi

Karatasi ya maelekezo ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza na Kihispania. Kiswahili hakikuwamo, wala Kirundi, wala Kifaransa. Jirani yangu hapa Bujumbura aliniletea karatasi hiyo kwa sababu anafahamu kwamba kazi yangu katika chumba cha habari ni kufasiri, akaniomba nimsomee. Ndugu yake anayeishi Marekani alikuwa amewatumia wajukuu zawadi: mtelezo wa maji wa kujazwa hewa, yaani kile kilima cha kitambaa cha plastiki ambacho watoto hukipanda kwa ngazi upande mmoja na kuteleza upande wa pili, juu ya maji, mpaka kwenye kidimbwi kidogo. Mzigo ulipitia bandari ya Dar es Salaam, ukafunguliwa na kufungwa njiani zaidi ya mara moja, na kati ya vigingi sita vilivyotajwa kwenye karatasi, vilivyofika ni vinne.

Nilipokuwa nikifasiri niliona kwamba karibu kila katazo katika karatasi ile lilikuwa kipande cha chombo chenyewe. Ni jambo ambalo mbunifu alilihitaji ili mtelezo wake ufanye kazi, lakini hakuweza kulishona kwenye kitambaa, akalikabidhi kwa mnunuzi. Kwa kuwa vyombo vya kuchezea vya aina hii vinazidi kuonekana katika sherehe za watoto mijini, kuanzia Nairobi na Dar es Salaam hadi Kigali na hapa kwetu, tumeona inafaa kueleza vinavyobuniwa na vinavyosimama.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1960, katika mji wa Lakewood, California, fundi wa kushona viti vya mashua aitwaye Robert Carrier alimkuta mwanawe na wenzake wakiteleza juu ya sakafu ya saruji iliyopakwa rangi na kumwagiwa maji. Kwa kuhofia wasije wakaumia, alichukua kitambaa kirefu cha plastiki, akashona ubavuni mwake mfereji mwembamba wenye matundu ya kupitisha maji, na mwaka uliofuata kampuni ya Wham-O ikaanza kukiuza kwa jina la Slip 'N Slide. Kwa upande mwingine wa nchi hiyo, katika jimbo la Louisiana, mhandisi John Scurlock alikuwa akitengeneza mapaa ya kujazwa hewa ya kufunika viwanja vya tenisi mwishoni mwa miaka ya 1950. Alipoona wafanyakazi wake wanavyofurahia kuyarukia, akaanza kutengeneza majumba ya kurukia watoto. Mtelezo wa leo umeyachukua maji ya mmoja na hewa ya mwingine.

Hewa inayovuja kwa makusudi

Wengi hudhani kwamba chombo cha namna hii hujazwa hewa kama tairi la baiskeli, kisha kikazibwa. Ipo mitelezo midogo iliyotengenezwa hivyo, lakini ile mikubwa yenye ngazi hutegemea feni ya umeme inayopuliza muda wote watoto wanapocheza. Kitambaa chake kimeshonwa kwa sindano na uzi, hewa huvuja katika kila tundu la sindano, na feni huirudisha ile inayopotea. Mbunifu anautaka uvujaji huo. Mtoto anapoangukia kitambaa, hewa kidogo hutoka na kishindo hupungua. Chombo kilichozibwa kabisa kingemrudisha juu kama mpira, au kingeachia mshono.

Tatizo la pili la mbunifu ni umbo. Hewa iliyofungiwa hupenda kuwa duara. Ukishona mfuko mtupu na kuujaza utapata puto, na hakuna mtoto awezaye kuteleza kwenye mgongo wa puto bila kuangukia ubavuni. Ndiyo maana ndani ya mtelezo zimeshonwa kuta za kitambaa, safu kwa safu, zinazoushikamanisha uso wa juu na wa chini ili njia ya kutelezea ibaki tambarare. Mistari iliyobonyea ambayo mtu huiona kwa nje ni mahali mishono ya kuta hizo ilipopita. Ukuta mmoja wa ndani ukiachia, uso hutokeza nundu, na nundu ikiwa karibu na kilele humsukuma mtoto pembeni mahali ambapo kimo cha kuanguka ni kikubwa kuliko pengine pote. Mtelezo wa jirani yangu ulikuwa na nundu ya namna hiyo. Yeye alidhani ni pambo.

Sasa tuje kwenye uzito, ambao ndio umesababisha kesi na vilio vingi. Shinikizo la hewa ndani ya mtelezo ni dogo mno. Kwa kawaida halifiki hata sehemu moja ya mia ya lile lililomo katika tairi la gari. Kwa hesabu ya makadirio, kila mita moja ya mraba ya uso wake hubeba takriban kilo 100. Mtoto wa kilo 25 akikaa juu yake huzama kidogo, mpaka robo ya mita ya mraba imguse, kisha hubaki akielea. Mtu wa kilo 80 anahitaji zaidi ya mara tatu ya eneo hilo. Akisimama kwa mguu mmoja, unyayo wake hufika ardhini kana kwamba hewa haikuwapo. Akijitupa kichwa mbele, kinachotangulia kugusa kilicho chini ni kichwa.

Hilo limekwisha kutokea. Mwaka 1993 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitoa onyo kuhusu Slip 'N Slide baada ya watu wazima saba na kijana mmoja wa miaka 13 kuumia shingo au kupooza katika kipindi cha kati ya 1973 na 1991. Kitambaa kilikuwa kilekile ambacho watoto walikitelezea bila madhara; kilichobadilika ni mwili. Mtu mzima anayejirusha juu yake anaweza kusimama ghafla, na uzito wote unaomfuata ukaishukia shingo.

Mwaka 2006, katika jimbo la Massachusetts, mama mmoja mwenye umri wa miaka 29 aliteleza kichwa mbele kwenye mtelezo wa kujazwa hewa uliowekwa kando ya bwawa la kuogelea. Sehemu ya chini ilibonyea, kichwa kikagonga ukingo wa saruji, naye akafariki dunia. Kesi ilipofika mahakamani hoja iligeukia kanuni ya serikali kuu ya mwaka 1976, ambayo inataka mtelezo wa bwawa uweze kubeba pauni 350, sawa na kilo 159 hivi. Je, kanuni iliyoandikwa zama za mitelezo migumu inauhusu mtelezo wa hewa? Upande wa utetezi ulisema hapana. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, mwaka 2013, haikukubaliana nao, ikaiacha hukumu ya fidia ya zaidi ya dola milioni 20 isimame. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mitelezo ya aina hiyo ipatayo 21,000 ilikuwa imeondolewa sokoni.

Mtelezo wa jirani yangu hauishii kwenye bwawa, kwa hiyo kanuni hiyo si yake. Hata hivyo karatasi inasema mtoto asizidi kilo 45, ateleze mmoja mmoja, akiwa amekaa na miguu ikitangulia. Nilipofika kwenye mstari huo wajomba wawili waliokuwa wakisikiliza walicheka, kwani tayari walikuwa wamepanga kuwaonyesha watoto jinsi ya kuruka.

Katika kimo cha mita moja na nusu, mtoto anayeshuka bila msuguano wowote angefika chini kwa kasi ya kilomita 19 kwa saa. Msuguano huipunguza kasi hiyo, na maji huuondoa msuguano. Mbunifu hupima vyote viwili, kisha hurefusha sehemu ya mwisho na kuinua ukingo wa kidimbwi ili mtoto asipitilize. Maji yakikatika bombani katikati ya mchezo, plastiki kavu iliyopigwa na jua humchubua mtoto ngozi ya mapaja. Hilo ni dogo. Umeme ukikatika ni jambo jingine.

Mbunifu wa Marekani hubuni kwa ajili ya nyumba ambayo umeme wake hukatika mara chache. Sisi tunafahamu hali ya kwetu. Feni inaposimama, hewa huanza kutoka papo hapo kupitia yale matundu ya sindano, na mtoto aliye kileleni hushuka pamoja na kilele, kuta za pembeni zikimwangukia zikiwa zimelowa na nzito. Anayehitajika hapo ni mtu mzima aliyesimama hatua chache tu, si aliye jikoni. Kuna pia suala la feni yenyewe: ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na katika soketi yetu ya volti 220 itaungua. Watu huibadilisha kwa feni yoyote iliyopatikana. Iliyo dhaifu huuacha mtelezo ukiwa umelegea, ukabonyea chini ya mtoto. Iliyo na nguvu kupita kiasi hufumua mishono. Na kwa vyovyote vile feni hukaa mahali pakavu, mbali kwa urefu wote wa mkono wake wa kitambaa, kwenye soketi yenye kifaa kinachokata umeme mara unapovuja.

Upepo

Matukio mabaya zaidi duniani yametokana na upepo, na mengi yameyapata majumba ya kurukia, ambayo ni ndugu wa mtelezo na husimamishwa kwa njia ileile. Tarehe 26 Machi 2016, huko Harlow nchini Uingereza, jumba lilibebwa na upepo likiwa na msichana wa miaka saba ndani yake, akafa. Waendeshaji wake wawili walifungwa mwaka 2018. Tarehe 16 Disemba 2021, mjini Devonport, katika kisiwa cha Tasmania nchini Australia, wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wakisherehekea kumaliza mwaka pale kimbunga kidogo cha vumbi kilipoliinua jumba lao. Watoto sita walipoteza maisha. Mwendeshaji alishtakiwa, na mwaka 2025 mahakama ikamwachia huru. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliokusanya matukio ya upepo ya kati ya mwaka 2000 na 2021 katika nchi mbalimbali, walihesabu vifo visivyopungua 28 na majeruhi wasiopungua 479.

Hesabu yake si ngumu. Tuuchukue mtelezo wenye upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili na nusu, ukielekeana na upepo wa kilomita 38 kwa saa, upepo unaotikisa miti midogo. Upepo huo huusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 50, ilhali mtelezo wenyewe, ukiwa mtupu, unaweza kuwa na kilo 15 tu. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne: kilo 200. Ndiyo sababu kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 14960, kilichowekwa kwa ajili ya vyombo vikubwa vya kukodisha, kinakataza kuvitumia upepo ukipita kilomita 38 kwa saa, na kinataka kila chombo kifungwe mahali pasipopungua sita, kila mahali pakistahimili mvuto wa Newton 1,600, sawa na kilo 160 hivi.

Kilo 160 kwa kila kamba! Nyua nyingi za mjini kwetu zimesakafiwa, kigingi hakiingii, na mtu hufunga kamba kwenye ndoo ya maji au tofali. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mwenye sakafu ya saruji akitaka kukifikia kiwango hicho atahitaji kwa kila kamba mifuko ya mchanga yenye uzito wa zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Katika udongo wa kichanga, kigingi kifupi cha plastiki hung'oka kwa mkono. Kinachofaa ni cha chuma, kirefu, kilichopigwa kikiegemea upande usiovutwa na kamba.

Yaliyobaki katika karatasi ni mepesi: kumwaga maji ya kidimbwi kila jioni, kwa kuwa mtoto mdogo huzama katika maji yasiyofika magotini, na kwetu sisi kwa sababu ya mbu pia, kukausha kitambaa kabla ya kukikunja.

Jirani yangu alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mengi kuhusu kamba. Nundu ilifunguliwa na fundi wa maturubai, ambaye aliushona upya ukuta wa ndani kwa uzi wa nailoni. Mhunzi alifua vigingi sita vya nondo, vile vinne vya plastiki vikatupwa. Feni ya volti 220 yenye nguvu inayolingana na ile ya awali bado inatafutwa, na hadi ipatikane mtelezo umekunjwa stoo. Wajukuu huja kila Jumamosi kuuliza.