Motokaa ya Dizeli Ikikataa Kuwaka

Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na baina ya Modogashe na Habaswein msafiri aweza kungoja sana kabla ya kuona gari jingine. Motokaa kuukuu ya dizeli, kama Land Rover au Land Cruiser yenye pampu ya namna ya zamani, ikikataa kuwaka mahali kama hapo, dereva asiye na maarifa hupiga stata hata betri ikafa. Hapo taabu hugeuka hatari, maana maji ya kunywa huweza kwisha kabla ya msaada kufika.

Yafaa kwanza asikilize. Stata ikigonga mara moja tu bila kuzungusha injini, kwa kawaida kosa ni la betri au vichwa vyake vilivyoshika kutu. Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, mtu atazame bomba la moshi. Pasipo moshi hata kidogo, dizeli haifiki: filta imeziba, au maji yameingia kutoka katika pipa, au mna hewa katika mabomba. Maji hutolewa kwa skrubu iliyo chini ya filta. Hewa hutolewa kwa kulegeza skrubu yake na kupiga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu.

Moshi mweupe ukionekana, dizeli yafika lakini haiungui. Pengine nozeli zimechakaa, zadondosha matone badala ya kunyunyiza ukungu. Injini ikiwaka kwa kutetemeka, fundi hulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja moja. Ile isiyobadili mlio ndiyo yenye kasoro. Mkono usikaribie kamwe! Dizeli hiyo hutoka kwa kani ipitayo mara 50 ile ya upepo wa gurudumu, nayo hupenya ngozi. Jeraha lake, hata likiwa dogo kama tundu la sindano, ni la hospitali siku ile ile. Katika magari mapya kani ni kubwa mno, na jambo hili lisijaribiwe.

Lakini wako wanunuao nozeli mpya bure. Motokaa huwaka alfajiri, ikizimwa saa nane mchana haiwaki tena. Dizeli ikipata moto huwa nyepesi, ikavuja ndani ya pampu iliyolika, isipate nguvu ya kufungua nozeli. Injini ikiwa imezimwa, kitambaa chenye maji kiwekwe juu ya pampu mpaka ipoe. Ikiwaka baada ya hapo, pampu ndiyo ya kupelekwa kwa fundi, na injini isizimwe tena njiani kabla ya kufika mjini.